Dosie ya jinai Beni na Butembo: inakokaa na namna ya kuiomba

Kila kesi ya jinai inayofunguliwa Beni au Butembo huacha karatasi, na karatasi hizo hazikai mahali pamoja. Polisi huandika proseverbali ya kumsikiliza mtu aliyekamatwa. Parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, huifungulia dosie na kuipa namba. Tribinali huisikiliza, huandika hukumu na kuitunza katika grefe yake, yaani ofisi ya karani wake. Gereza nalo, iwe Kangbayi upande wa Beni au Kakwangura upande wa Butembo, huandika katika daftari lake siku mtu aliyoingia, karatasi iliyomwingiza na siku anayopaswa kutoka. Anayetafuta habari za kesi hana budi kujua kwanza kesi ilifika hatua gani, maana ndiyo inayoonyesha mlango wa kubisha.

Wanaozihitaji karatasi hizo ni wengi kuliko wanavyodhaniwa. Yumo mama ambaye mwanawe amemaliza kifungo lakini hajafunguliwa kwa kuwa nakala ya hukumu haijafika gerezani. Yumo mfanyabiashara aliyeibiwa, akashinda na kupewa haki ya fidia, lakini hana karatasi ya kumdai mwizi. Yumo pia kijana aliyeachiliwa kwa kukosekana kwa ushahidi, na miaka mitatu baadaye jirani bado anamwita jambazi. Kwa hao wote, hukumu iliyosomwa kwa sauti katika chumba cha tribinali haitoshi. Kinachofanya kazi ni nakala yenye muhuri na sahihi ya grefye, karani wa tribinali.

Haki ya kuipata ina mizizi katika Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 20 kinasema kesi zisikilizwe hadharani, isipokuwa pale tribinali yenyewe inapoona uwazi huo utahatarisha usalama wa umma au maadili. Kifungu cha 21 kinataka kila hukumu iandikwe, itolewe sababu zake na isomwe mbele ya watu, na kinampa kila mtu haki ya kukata rufaa. Hukumu, basi, si siri ya jaji wala mali ya grefe. Uchunguzi unaofanyika parke kabla ya kesi kufika mbele ya majaji ndio wenye siri, na tofauti hiyo ndiyo chanzo cha magomvi mengi kwenye dirisha la parke: mtu anaomba kuisoma dosie ambayo bado inachunguzwa, ananyimwa, anadhani anadaiwa rushwa, kumbe ameomba mapema mno. Dosie ikishapelekwa tribinali na kupangiwa siku ya kusikilizwa, mshtakiwa na wakili wake wanaweza kwenda kuisoma katika grefe.

Miji yote miwili ina tribinali za ngazi mbili. Tribinali ya Amani, ambayo watu huiita Tripaix, husikiliza makosa ambayo adhabu yake haizidi kifungo cha miaka 5: wizi wa kawaida, kupigana, matusi, kuharibu mali ya mwingine. Makosa yenye adhabu ya zaidi ya miaka 5, pamoja na yale ya adhabu ya kifo, huenda kwenye Tribinali Kuu, yaani TGI. Mgawanyo huo umewekwa na sheria namba 13/011-B ya tarehe 11 Aprili 2013. Rufaa ya hukumu ya Tripaix husikilizwa na TGI, na rufaa ya hukumu ya TGI husikilizwa na Korti ya Rufaa ya Kivu ya Kaskazini. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 18 ana tribinali yake, na dosie yake haiwekwi pamoja na za watu wazima.

Kwa kila chombo kuna mtu anayeshika karatasi. Tripaix huwa na grefye mkuu wa tribinali hiyo. TGI huwa na grefye divizionere. Ni wao, si majaji, wanaotunza hukumu zenye sahihi na kutoa nakala zake. Anayepanga foleni mbele ya ofisi ya jaji ili apate nakala anapoteza asubuhi yake.

Tangu mwaka 2021 mambo yamekuwa na mlango mwingine. Ordonansi za tarehe 3 Mei 2021 zilitangaza hali ya kuzingirwa, ile etasieji ambayo kila mtu anaijua, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na ilianza kutumika tarehe 6 Mei. Kifungu cha 156 cha Katiba kinaruhusu katika hali kama hiyo kesi za jinai za raia ziondolewe kwa tribinali za kawaida na kupewa zile za kijeshi, ingawa haki ya rufaa haiwezi kuzuiliwa. Ndiyo maana kesi ya mwizi wa mbuzi wa komini ya Mulekera, ambaye hajawahi kuvaa sare wala kushika bunduki, inaweza kuwa imeandikwa katika oditora ya kijeshi na kuhukumiwa na Tribinali ya Kijeshi ya Garnizoni. Kwa hukumu yoyote iliyotolewa baada ya tarehe 6 Mei 2021, mwombaji aulize pande zote mbili, ya kiraia na ya kijeshi, kabla ya kukubali jibu kwamba dosie haipo. Oditora ndiyo parke ya upande wa jeshi, na tribinali ya kijeshi ina grefe yake na grefye wake.

Hata kabla ya mwaka 2021 zilikuwepo kesi kubwa za Beni zilizopita njia ya kijeshi. Kesi ya mauaji ya Kanali Mamadou Ndala, aliyeuawa tarehe 2 Januari 2014 karibu na Beni, ilisikilizwa mjini hapo na Korti ya Kijeshi ya Operesheni, na hukumu ikatolewa mwezi Novemba mwaka huo huo. Mtafiti au mwandishi wa habari anayetaka karatasi za kesi ya namna hiyo asizitafute TGI. Hazijawahi kukaa huko.

Ufunguo wa kila dosie ni namba yake. Parke ikipokea kesi huiandika katika daftari la RMP, na herufi hizo tatu huandikwa mbele ya namba kwenye kila karatasi itakayotoka hapo: hati ya kukamata, mwito, barua ya kupeleka dosie tribinali. Kesi ikifika tribinali hupewa namba mpya, RP, ambayo ndiyo ya orodha ya kesi za jinai. Rufaa nayo hupata RPA. Namba hizi hazifanani, na dosie moja inaweza kubeba zote tatu kwenye jalada lake. Mwenye RMP tu akifika grefe ya tribinali anaweza kusaidiwa, kwa sababu daftari la RP huonyesha dosie ilitoka kwenye RMP ipi, lakini itabidi grefye afungue daftari na kushuka mstari kwa mstari. Mwenye RP huhudumiwa upesi zaidi.

Jambo hilo lingepaswa kuambiwa kila familia siku ya kwanza mtu wao anapokamatwa: andikeni namba. Iandikwe kwenye simu, iandikwe kwenye daftari la nyumbani, iandikwe nyuma ya karatasi ya mwito. Miaka ikipita, majaji huhamishwa, wakili hubadilisha mji, na jina la mtu hubaki peke yake.

Na jina peke yake, katika nchi ya Wanande, halitoshi hata kidogo. Kambale ni mtoto wa pili wa kiume, Kasereka ni wa tatu. Na ndivyo ilivyo kwa Paluku, Muhindo, Kakule, Masika, Kavira, Kahindo na mengine, majina ambayo mtoto hupewa kufuatana na nafasi yake katika kuzaliwa. Daftari la mwaka mmoja la grefe ya Butembo likifunguliwa, akina Kambale na Kasereka hujaa kurasa. Anayeuliza "kesi ya Kambale wa Beu" ameuliza juu ya watu wengi sana, na hatari si kukosa jibu tu. Hatari kubwa zaidi ni kupewa jibu la mtu mwingine: kijana asiye na kosa kubebeshwa hukumu ya jina-mwenzake. Kwa hiyo ombi lolote linataka jina kamili, jina la pili la ukoo na jina la ubatizo, majina ya baba na mama, mwaka na mahali pa kuzaliwa, na makazi ya wakati wa kesi: komini, kata na barabara. Kwa mji wa Beni komini ni Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Kwa Butembo ni Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba.

Tahajia nayo ina mitego. Karani mmoja huandika Kavugho, mwingine Kavuo. Mtu aliyeishi ng'ambo ya Kasindi na kupata karatasi za Uganda anaweza kuwa Bwambale huko na Kambale huku. Ni vyema kumwandikia grefye namna zote ambazo jina limewahi kuandikwa, badala ya kungoja aseme hakuna.

Nchi nyingine za Afrika Mashariki zimeanza kurahisisha utafutaji huu. Nchini Kenya hukumu nyingi za mahakama za juu husomeka bure kwenye intaneti kupitia Kenya Law, na Tanzania ina TanzLII yenye kazi kama hiyo.  Beni na Butembo, kazi bado ni ya madaftari makubwa yaliyoandikwa kwa kalamu. Ukurasa wa daftari la RP una safu zake: namba, tarehe ya kuingia, RMP, majina ya washtakiwa, kosa, siku za kusikilizwa, na mwishoni kile kilichoamuliwa. Anayejua mwezi kesi iliposikilizwa humpunguzia grefye kazi ya saa nyingi, na mtu aliyepunguziwa kazi husaidia kwa moyo.

Ombi lenyewe huandikwa kama barua, na kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha ya kazi ya tribinali, hata kama mabishano ndani ya chumba yalikwenda kwa Kiswahili na Kinande huku mkalimani akitafsiri. Asiyeandika Kifaransa amwombe mwalimu, karani wa parokia au mtu mwingine anayeaminika. Barua isizidi ukurasa mmoja. Inataja mwombaji ni nani na ana uhusiano gani na kesi: mshtakiwa, mlalamikaji, ndugu wa aliyefungwa, wakili. Inataja namba ya RP, majina ya pande mbili, kosa, na tarehe ya hukumu. Kisha inasema wazi karatasi inayoombwa, kwa sababu "naomba dosie" ni ombi lisilojibika. Mwisho inaeleza karatasi itatumika wapi. Huambatanishwa fotokopi ya kitambulisho, ambacho kwa wengi ni kadi ya mpiga kura, na mtu anayeomba kwa niaba ya mwingine huongeza hati ya kutumwa yenye sahihi ya aliyemtuma.

Barua ichapwe nakala mbili. Moja inabaki grefe, nyingine inapigwa muhuri wa kupokewa pamoja na tarehe, na mwombaji anarudi nayo nyumbani. Muhuri huo unaonekana mdogo, lakini bila huo hakuna ushahidi kwamba ombi liliwahi kuwasilishwa, na wiki ya tatu ikifika bila jibu mwombaji hana pa kuanzia.

Mshtakiwa na mlalamikaji wanaomba nakala ya hukumu yao kama haki. Mtu wa nje, kwa mfano mwandishi wa habari, mtafiti wa chuo au shirika la haki za binadamu, ni bora amwandikie Prezida wa tribinali na kuomba ruhusa, akieleza kazi anayofanya. Hukumu ilisomwa hadharani, ndiyo, lakini karatasi nyingine za ndani ya dosie, kama vile vyeti vya daktari, maelezo ya mashahidi na picha, haziko wazi kwa kila mpita njia.

Malipo yapo, na ndipo raia wengi hupotezwa. Ada za serikali za nakala na za kesi hupita DGRAD, idara inayokusanya mapato ya utawala na ya sheria. Njia yake ni hii: hutolewa noti ya malipo yenye kiasi na sababu, mtu hulipa benki, hupewa uthibitisho wa malipo, na huurudisha grefe. Fedha inayopokelewa mkononi bila noti wala stakabadhi haijalipa chochote kwa Serikali, na anayeidai hana haki nayo hata akitaja bei ya karatasi na wino. Maskini asiyeweza kulipa anaweza kuomba cheti cha umaskini na kukiambatanisha na barua ili asamehewe ada zote au sehemu yake.

Karatasi za kuomba zina majina yake, na kila moja ina kazi yake. Nakala iliyothibitishwa kuwa sawa na ya asili humtosha anayetaka kuonyesha kilichoamuliwa. Anayetaka hukumu itekelezwe, kwa mfano mlalamikaji anayedai fidia, huomba ile yenye amri ya kutekelezwa, ambayo Kifaransa huiita grosse. Cheti cha kutokatiwa rufaa huthibitisha kwamba muda umepita bila mtu kuipinga hukumu. Bila hicho, mara nyingi hukumu iliyoshinda haisogei. Kwa mfungwa, karatasi mbili ndizo za kufuatilia: ile iliyompeleka gerezani na hati ya kumfungua. Mtu anayebaki ndani baada ya kifungo kuisha, mara nyingi tatizo lake ni kwamba hati ya pili haijaandikwa, au imeandikwa na haijavuka kutoka ofisi hadi gereza.

Hukumu ikishapatikana, haisomwi kuanzia mwanzo kwa mtu mwenye haraka. Mwanzo una majina ya pande zote na namba. Katikati kuna maelezo ya kilichotokea, hoja za kila upande na sababu za majaji. Uamuzi wenyewe uko karibu na mwisho, baada ya maneno ya Kifaransa "par ces motifs". Hapo ndipo panaposemwa kosa limethibitika au la, kifungo ni miezi au miaka mingapi, fidia ni kiasi gani na nani analipa gharama. Chini yake kuna majina ya majaji na ya grefye. Nakala isiyo na muhuri sehemu hiyo irudishwe palepale dirishani.

Muda wa rufaa haumngoji grefye. Katika tribinali za kiraia ni siku 10 tangu hukumu kutolewa mbele ya mshtakiwa, au tangu alipojulishwa rasmi ikiwa alihukumiwa bila kuwapo. Upande wa kijeshi una kanuni zake, kwa hiyo muda uulizwe siku hiyohiyo ya hukumu. Kukata rufaa hakuhitaji nakala kamili mkononi: mtu hutangaza nia yake grefe na tangazo huandikwa. Familia nyingi husubiri nakala kwanza, na inapotoka muda umeshapita. Atangaze rufaa leo, aendelee kuomba nakala kesho.

Zipo kesi ambazo karatasi zake zimefungwa kwa sababu nzuri. Kesi za watoto, chini ya sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, hazianikwi. Kesi za ubakaji na ukatili wa kijinsia, ambazo sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 zilizipa utaratibu wa haraka na ulinzi kwa aliyetendewa, zinaweza kusikilizwa mlango ukiwa umefungwa. Ndugu wa aliyetendewa anayeomba nakala apewe, lakini mwandishi anayeitumia afute jina, mtaa na shule. Beni na Butembo ni miji ambapo barabara moja hutosha kumtambulisha mtu.

Kuna kesi nyingine ambazo tribinali haina hata karatasi moja, kwa sababu hazikuwahi kufika huko. Parke inaweza kuifunga dosie bila kushtaki, au mshukiwa akalipa faini ya kumaliza kesi mapema. Dosie kama hiyo ina RMP lakini haina RP. Mlalamikaji aliyesubiri hukumu kwa mwaka mzima aende parke aulize, kwa RMP yake, dosie yake imeishia wapi.

Vita navyo vimegusa karatasi na wenye karatasi. Gereza la Kangbayi lilivamiwa mwaka 2017, kisha tena tarehe 20 Oktoba 2020, ambapo wafungwa zaidi ya 1,300 walitoroka. Kakwangura ilivamiwa mwezi Agosti 2022, na zaidi ya 800 wakatoka. Wengi wao walikuwa bado hawajahukumiwa. Kutoroka hakufuti RMP wala RP: dosie inabaki wazi, na aliyetoka siku ile bila hati ya kufunguliwa anaweza kukamatwa tena kwenye kizuizi cha barabarani miaka mingi baadaye. Mwenye hali hiyo aanze na wakili, si na dirisha la grefe. Kwa rufaa za zamani, Korti ya Rufaa ilikuwa na makao yake Goma, mji ulioangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na serikali ya jimbo ikahamia Beni. Anayetafuta hukumu iliyokwenda huko aanzie TGI iliyohukumu mara ya kwanza, ambako hukumu ya asili inabaki, na aulize hapo korti inapokelea watu wapi.

Dosie ikiwa imepotea kweli, vipande vyake huwa vimetawanyika: parke ina nakala za proseverbali, mawakili wana zao, gereza lina daftari la kuingia, na grefe ina karatasi za vikao vya kila siku, ambazo huandikwa tofauti na dosie. Barua kwa Prezida wa tribinali inaweza kuomba dosie iundwe upya kutokana na vipande hivyo. Grefye akikataa kutoa nakala bila sababu, malalamiko hupelekwa kwa Prezida huyohuyo, ambaye ndiye msimamizi wa tribinali, na juu yake kwa wakubwa wa Korti ya Rufaa. Nakala ya barua yenye muhuri wa kupokewa huambatanishwa. Baraza la mawakili lina ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo, na watetezi wa tribinali wanaofanya kazi mbele ya TGI wanazijua njia hizi kwa kuzipita kila siku.

Inabaki karatasi moja ambayo huchanganywa na hizi zote: hati ya kasie jidisiere, inayoombwa na waajiri, mashirika na balozi. Hiyo haisimulii kesi. Inaonyesha tu kama mtu amewahi kuhukumiwa, na huombwa parke, si grefe. Cheti cha mwenendo mwema ambacho komini au meri hutoa ni kingine tena na hakichukui nafasi yake. Mwenye kuachiliwa na tribinali, na ambaye jina-mwenzake ana hukumu, afike parke akiwa na nakala ya hukumu yake iliyothibitishwa na kitambulisho kinachoonyesha majina ya baba na mama, ili karani alinganishe watu wawili kabla ya kuandika.